Swichi ya funguo ya pikipiki ya zamani: ufufue ya asili, utafute ya mtumba, uagize nje au ufunge ya bodaboda?

Honda XL, Yamaha DT na Suzuki za miaka ya 1970 na 1980 bado hazijaisha mkoani Dodoma. Ziko Mpwapwa, ziko Kondoa, ziko Manyoni kwa jirani. Nyingi zilianza maisha yake na mabwana shamba, mabwana mifugo na watu wa misheni, kisha zikauzwa mnadani kama chakavu. Injini mara nyingi inafaa. Kinachoilaza pikipiki ni vitu vidogo, na kimojawapo ni swichi ya funguo: ufunguo umepotea, au unazunguka bila kushika, au swichi ilishatupwa na mwenye chombo anawasha kwa kugusanisha nyaya chini ya tangi.

Ukitaka kuirudisha barabarani kwa heshima, njia ni nne. Unaweza kuifungua swichi yako na kuifufua. Unaweza kutafuta ya asili iliyotumika. Unaweza kuagiza nje ya nchi. Au unafunga ile ya pikipiki za Kichina inayoning'inia kwenye kila duka la spea za bodaboda. Niseme mapema ninakoegemea: kama sahani ya umeme iliyo nyuma ya swichi haijapasuka, kufufua kunazishinda njia zote tatu zilizobaki, hata kwa mtu asiyejali uasili wa chombo. Ila si kila swichi inastahili kazi hiyo, na si kila pikipiki inaipokea swichi ya bodaboda bila madhara.

Kabla ya kununua chochote: swichi yako inazimaje?

Hapa ndipo CDI nyingi, yaani visanduku vya umeme vinavyotoa moto wa plagi, zinapounguzwa. Kuna pikipiki ambazo moto wa plagi unategemea betri. Kwenye hizo, swichi inapeleka umeme: ukiwasha, unapita kwenda kwenye koili, ukizima, njia inakatika. Honda nyingi za CB ziko kundi hili, pamoja na Triumph na BSA zenye koili. Kundi la pili ni zile ambazo moto unatoka kwenye magineti, jenereta ndogo inayozungushwa na injini, betri iwepo isiwepo. Kwenye hizi swichi inafanya kinyume kabisa. Ikiwa imezimwa, inaunganisha waya wa kuzimia na bodi (chuma cha pikipiki, yaani arthi) ili moto uishie bodini. Ikiwashwa, inauachia waya huo. Honda CG za mwanzo, Yamaha DT125 na AG100 na Suzuki nyingi za shamba ziko huku.

Kwa hiyo ugonjwa uleule wa uchafu unaleta dalili tofauti. Kundi la kwanza linakatakata moto ukipita kwenye matuta, au halipati moto kabisa. Kundi la pili linaweza kukataa kuwaka kwa sababu waya wa kuzimia unagusa bodi ndani ya swichi, au likakataa kuzima hata baada ya kuchomoa ufunguo.

Jaribio la kundi la pili halina gharama. Chomoa soketi ya swichi, kisha piga kiki. Ikiwaka, umempata mkosaji. Utaizima kwa kuingiza gia ya juu, kushika breki na kuachia klachi taratibu. Kwa kundi la kwanza, chukua kipande cha waya chenye fyuzi, uunganishe waya wa betri na ule unaotoka swichi ikiwashwa. Moto ukirudi, tatizo ni swichi au soketi yake. Soketi usiisahau: pini zake hushika kutu ya kijani na mtu akanunua swichi nzima bure.

Rangi za nyaya kwenye Wajapani wa zamani huwa hivi:

| | Kutoka betri | Inayowaka ukifungua | Ya kuzimia (CDI) | Arthi |
|---|---|---|---|---|
| Honda | nyekundu | nyeusi | nyeusi mstari mweupe | kijani |
| Yamaha | nyekundu | kahawia | nyeusi mstari mweupe | nyeusi |
| Suzuki | nyekundu | chungwa | nyeusi mstari wa njano | nyeusi mstari mweupe |

Iangalie safu ya Honda na ya Yamaha kwa makini. Waya mweusi mtupu kwenye Honda una umeme. Kwenye Yamaha ni arthi. Mweusi wenye mstari mweupe kwenye Honda unazima moto. Kwenye Suzuki ni arthi. Vijana wengi wa leo wamejifunzia kazi kwenye pikipiki za Kichina, ambazo nyaya zake zinafuata Honda. Ukimpa DT, atafuata mazoea na fyuzi itakata mara moja, kama fyuzi bado ipo. Na umeme wa betri usiupeleke kwenye waya wa kuzimia hata kwa sekunde moja; CDI ya zamani ikiungua, swichi itakuwa tatizo dogo kuliko yote uliyo nayo.

Kufufua ya asili

Swichi ina sehemu mbili: kitasa mbele, ambamo ufunguo unaingia, na sahani ya umeme nyuma. Kitasa ni cha aloi ya zinki na ndani yake kuna vibanzi vya shaba vinavyopanda na kushuka kufuata meno ya ufunguo. Sahani ni ya bakelaiti au plastiki ngumu, imebeba vipande vya shaba ambavyo daraja dogo lenye springi linaviunganisha.

Huku kwetu kitasa kinauawa na vumbi, na vumbi linasaidiwa na oili. Dodoma mvua ni ya kuanzia Desemba hadi Aprili, na hata hiyo haizidi sana milimita mia sita kwa mwaka wa kawaida. Miezi iliyobaki ni ukavu na upepo. Ufunguo ukianza kugoma, mwenye pikipiki anadondosha oili chafu ya injini kwenye tundu. Siku hiyo unaingia laini. Baada ya wiki chache vumbi na oili vimekuwa tope gumu, vibanzi vimenasa, na watu wanaanza kuzungusha kwa koleo. Tundu la ufunguo linataka unga mkavu wa risasi ya penseli laini, basi.

Kazi yenyewe iko hivi. Toa waya wa betri. Fungua swichi, piga picha ya nyuma yake kwa simu ili nyaya zisikupotee. Sahani imeshikwa kwa vishikio vitatu au zaidi vinavyopenya pembeni ya kitasa, au kwa ukingo wa bati uliokunjwa. Vishikio visukume kwa bisibisi nyembamba taratibu, kimoja kimoja, na ufanyie kazi hiyo ndani ya mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, kwa sababu kuna springi na goroli ndogo ambazo zikiruka hutaziona tena. Ukiona sahani imepasuka katikati, au tundu la kishikio limekatika, simama hapo uende njia nyingine. Gundi haidumu kwenye kitu kinachopigwa jua la Dodoma na kutikiswa na barabara ya vumbi siku nzima.

Ikiwa nzima, isafishe kwa spiriti na mswaki wa zamani. Kutu ya kijani kwenye shaba inatoka kwa limau na chumvi au kwa siki, lakini paka shaba peke yake kwa pamba, usizamishe swichi nzima. Asidi inakula zinki ya kitasa. Suuza kwa maji yenye soda ya kuokea, kisha kausha kabisa. Msasa uwe laini, namba 600 ukimalizia na 1000, na uguse juujuu. Tupa lisije likakaribia hapo. Shaba iliyochimbika kidogo bado inafanya kazi kama daraja linalala juu yake vizuri. Shaba iliyopigwa tupa inaisha. Springi iliyolegea unaweza kuivuta kidogo irefuke, ila kwa kiasi, maana ikizidi itakwaruza shaba na ufunguo utakuwa mzito.

Nyaya zilizokatika nyuma ya sahani ndiyo hitilafu ninayoiona zaidi kuliko shaba kuisha. Usukani unageuka kushoto na kulia maisha yote, na waya unakatikia pale pale unapoingia. Hapa usimpelekee mchomelea mageti. Mpelekee fundi simu au fundi redio. Ana chombo chembamba cha kuchomea risasi, na mkono wake haubabaishwi na nafasi ndogo. Mwambie achome haraka ili plastiki isiyeyuke, na nyaya zifungwe zisivutwe tena.

Mwisho paka grisi ya silikoni kidogo sana juu ya shaba. Vaselini wengi wanaitumia na inasaidia, ila swichi ikikaa juani inayeyuka na kuchuruzika.

Kupima, watu huweka multimeta kwenye ukinzani, ikisoma karibu na sifuri wanaridhika. Hapo inadanganya. Pikipiki ya volti 6 yenye taa ya wati 35 inavuta karibu ampea 6. Ukinzani wa omu 0.1 tu unatosha kukuibia zaidi ya nusu volti, na nyaya za multimeta ya bei nafuu zenyewe zina zaidi ya hapo. Pima upotevu wa volti badala yake: washa kila kinachopitia kwenye swichi, kisha gusa waya wa betri na waya unaotoka, pande mbili za swichi. Chini ya volti 0.2 ni nzuri. Ikifika 0.5, kuna kazi imebaki. Kwenye volti 12 nusu volti inavumilika. Kwenye 6 inaumiza, kwa sababu mwanga wa balbu unashuka haraka kuliko volti. Ukipoteza asilimia kumi ya volti zinazofika kwenye balbu, karibu theluthi ya mwanga imeondoka.

Gharama ya yote haya ni spiriti, msasa, kipande cha risasi na nusu siku. Ndiyo maana naiweka mbele.

Ya asili, ila ya mtumba

Faida yake ni kwamba inakaa palepale kwenye mabano yake, ina nafasi zote za zamani, ikiwemo ya taa ya kuegesha kama yako ilikuwa nayo, na sura ya usukani haiharibiki. Hasara ni kwamba imechoka kwa umri uleule na yako. Ukinunua ya mtumba, hesabu kwamba utaifungua na kuisafisha tu.

Pa kutafutia: anza na mafundi wa siku nyingi kuzunguka Sabasaba na Majengo, wale wenye debe la vyuma chini ya benchi. Kisha wauza skrepa. Kisha vijijini, kwa wenye pikipiki zilizokufa. Mara nyingi ni nafuu kununua pikipiki nzima iliyolala kuliko kubembeleza spea moja moja. Mnada wa vyombo chakavu vya taasisi unafaa kwa sababu hiyo hiyo. Dar es Salaam kuna Kariakoo na Gerezani, na mzigo unapandishwa basi, unaupokea stendi ya Nzuguni. Omba picha ya mbele na ya nyuma kabla ya kutuma pesa, na uhesabu nyaya.

Kwa Honda kuna msaada mkubwa kwenye namba ya spea. Swichi ya funguo huanza na 35100. Tarakimu tatu za katikati zinataja modeli, kwa mfano 383 kwa CG125. Muuzaji anayekupa 35100 yenye katikati tofauti anakuuzia swichi ya Honda kweli, lakini huenda soketi na mabano yasikubaliane na chombo chako.

Kuhusu ufunguo: Honda nyingi za zamani zilipigwa namba kwenye ufunguo na kwenye kitasa. Ukiipata namba, ufunguo unaweza kuchongwa upya kwa vipimo vya kiwandani. Hilo ni bora kuliko kunakili ufunguo uliochakaa, kwa sababu nakala inarithi uchakavu na kuuongeza. Namba isipoonekana, fundi wa funguo mwenye subira anaweza kukitoa kitasa, kupanga vibanzi upya na kukifuatisha ufunguo ulio nao. Swichi isiyo na ufunguo kwa hiyo si ya kukataa, ila bei yake ishuke kweli.

Jambo moja la pembeni. Usinunue swichi yenye kufuli ya usukani kutoka kwa mtu asiyeeleza pikipiki yenyewe iko wapi. Andikishianeni, hata kwenye karatasi ya daftari.

Kuagiza nje

Huku nako kuna vitu viwili ambavyo wauzaji huviweka ukurasa mmoja. Kuna ya asili iliyobaki stoo miaka mingi bila kutumika, na kuna ya kuiga iliyotengenezwa juzi. Ya stoo inavutia, lakini grisi yake imekauka na wakati mwingine inahitaji kufunguliwa kama ya mtumba. Ya kuiga inaweza kuwa nzuri sana au takataka. Bei peke yake haikuambii.

Kwa Honda, David Silver Spares wa Uingereza na CMSNL wa Uholanzi ni majina yanayojulikana, na michoro ya spea ya CMSNL inafaa hata kama hununui, kwa ajili ya kupata namba sahihi. Shida ni hesabu. Bei ya swichi, usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 vikijumlishwa, swichi inaweza kukaribia thamani ya pikipiki yenyewe ilivyokaa uani. Kwa XL ya kwendea shamba Bahi, sioni sababu.

Kwa Mwingereza ni habari nyingine. Triumph au BSA yenye swichi ya kampuni ya Lucas inastahili kuagiziwa, kwa sababu hapa nchini hutapata ya kubadilisha, na swichi za mtindo huo bado zinatengenezwa. PRS8, ile ya duara iliyochanganya taa na moto, ina nafasi ya dharura ya kuwashia injini betri ikiwa imeisha. Swichi ya kawaida haiwezi kuifanya kazi hiyo. Vifaa vya Lucas pia hupigwa mwezi na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo anayetaka chombo kiwe sahihi kabisa anaweza kutafuta swichi ya umri wa pikipiki yake. Kumbuka nyingi za hizo bodi yake ni chanya, yaani imeungwa na upande chanya wa betri. Swichi yenyewe haijali, lakini fundi anayepima bila kujua hilo atadhani kila kitu kimeungwa kinyume.

Ya bodaboda

Inauzwa kwa bei ya lita chache za petroli, inapatikana hata Kibaigwa, na ina funguo mbili mpya. Kwa pikipiki za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG, nyaya nne ndizo kawaida: nyekundu, nyeusi, kijani, na nyeusi yenye mstari mweupe. Hizo ni nyaya za Honda zilezile. Maana yake, kwa Honda ya magineti, swichi hii inafanya kazi ya asili kiumeme bila kubuni kitu. Kwa Yamaha na Suzuki pia inaweza kufanya kazi, mradi uunganishe kwa kazi ya waya na si kwa rangi. Ithibitishe kwa multimeta kabla: ikiwa imezimwa, mweusi wenye mstari mweupe na kijani viwe vimeungana, ikiwa imewashwa, vitengane, na nyekundu iungane na nyeusi.

Inakopungua ni kwenye mwili. Bati ni jembamba, ufunguo unaanza kucheza mapema, na nyingi zimeunganishwa na kufuli ya usukani ambayo haina pa kukaa kwenye pikipiki ambayo kufuli yake iko shingoni, mbali na swichi. Fundi atakwambia, "Mzee, tunaichomea tu hapa, itashika." Kataa. Mabano ya asili yakishachomelewa, siku ukiipata swichi ya kweli hutaweza kuirudisha. Mwambie atengeneze kipande cha bati cha kuazima, kifungwe kwa boliti kwenye matundu yaliyopo. Soketi pia usiikate; nunua soketi ya kike na ya kiume utengeneze kiungio cha katikati, ili nyaya za pikipiki zibaki kama zilivyo.

Kuna wanaofunga swichi ya kubofya ya taa za ziada na kuachana na ufunguo kabisa. Kwa pikipiki inayolala uani Dodoma mjini hiyo ni kumkaribisha mwizi, na askari akikusimamisha ataanza na swali hilo.

Ningechagua nini

XL, CG au DT ya kazi, sahani nzima: fufua, bila kufikiri mara mbili. Sahani imepasuka: funga ya bodaboda kwa boliti, tembea, huku ukitafuta ya mtumba bila haraka, kwa sababu anayetafuta kwa haraka analanguliwa. Pikipiki unayotaka kuirejesha sura yake kamili, tafuta mtumba mbili mbovu za namba moja. Sahani ya moja na kitasa cha nyingine mara nyingi vinatoa swichi moja nzuri. Mwingereza, agiza.

Na kama ya asili imefufuka lakini shaba zake zimebaki nyembamba, mpunguzie mzigo. Relei ndogo ya volti sawa na betri yako inaweza kubeba umeme wa taa na honi, swichi ikabaki inaiamrisha relei kwa umeme kidogo sana. Inafichwa chini ya tangi, haihitaji kutoboa kitu. Ila hii ni kwa pikipiki ambazo taa yake inakula betri. Kama taa ya mbele inatoka magineti moja kwa moja, ambayo utaijua kwa kuiona inafifia injini ikishuka silensa na kung'aa ukivuta mafuta, iache njia hiyo ilivyo na uweke relei kwa honi na indiketa tu.